Maneno mepesi juu ya vyombo vipya

Kisha chakula cha jioni, katika nyumba zetu za masomo, kuna saa ambayo kila mutu anakuwa mwalimu wa elimu zote. Mumoja amesoma katika telefone yake kwamba huko ngʼambo wametengeneza betri itakayojaa kwa dakika tano. Mwingine amesikia kwa redio kwamba mashini sasa inaandika mahubiri. Wa tatu anasema kwamba wenye elimu ya nyota wameona kitu kinachopindua kitabu cha Mwanzo. Kila mutu ana hukumu yake, na hukumu ile imekwisha kutolewa mbele habari yenyewe haijasomwa mpaka mwisho.

Hatusemi kwamba ni zambi. Mutu anayepumzika ana ruhusa ya kusema ovyo kidogo. Lakini maneno yale hayabaki pale mezani. Yanapanda katika mahubiri, yanaingia katika mafundisho ya wakatekumeni, yanachapwa hata katika magazeti yetu ya dini, na huko yanapata uzito ambao hayakuustahili. Ndiyo sababu tumeona vema kuyachunguza hapa, kama tunavyochunguza kitabu kipya ao muchezo wa kuigiza, tukiuliza: maneno haya yana samani gani?

Tuchukue kwanza habari iliyomugusa kila mukristu. Katika mwezi wa Machi 2023 foto moja ilizunguka dunia kwa siku chache tu: Baba Mutakatifu Fransisko amevaa koti kubwa jeupe, lililovimba kama muto, koti la matajiri wa inchi za baridi. Wengine walikasirika: «Tazama, Papa wa maskini anavaa nguo ya bei gali namna hii!» Wengine walifurahi: «Papa wetu ni mutu wa kisasa.» Makundi mawili yalibishana kwa nguvu, na yote mawili yalibishana juu ya kitu ambacho hakikuwako. Koti lile halikushonwa na fundi yeyote, Papa hakulivaa, wala hapakuwa kamera iliyomupiga foto. Mutu mumoja wa Chicago alikuwa ameandika maneno machache katika programu inayoitwa Midjourney, nayo ikatoa sura ile.

Kudanganyika si aibu. Kila mutu anaweza kudanganyika. Tunacholaumu ni kwamba walihukumu kwanza, wakaangalia kisha. Maana foto yenyewe ilikuwa na alama zake. Mukono ulielekea kushika kikombe, lakini vidole havikukishika kweli. Musalaba wa kifuani ulikuwa na munyororo wa upande mumoja tu. Na kwetu sisi Wakongomani ilikuwako alama kubwa zaidi. Karibu miezi miwili mbele ya foto ile, tarehe 1 Februari 2023, watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamemuona Papa kwa macho yao huko Ndolo, katika Kinshasa. Wakati ule alikuwa akitumia kiti cha magurudumu na fimbo, kwa sababu goti lake lilikuwa likimuuma. Namna gani basi muzee yule gafula anatembea njiani kama kijana? Swali hilo halikuhitaji elimu kubwa. Lilihitaji tu mutu anayeweza kunyamaza kidogo mbele ya kusema. Tena, tarehe 29 ya mwezi uleule, Papa wa kweli aliingia katika hospitali ya Gemelli kwa ugonjwa wa kifua. Habari ile ilihitaji sala zetu, si mabishano juu ya mavazi.

Hapa musomaji atauliza: sura ile ilitoka wapi? Ni swali la haki, na ndilo ambalo waongeaji wetu wanaliruka. Programu ya namna hii imeonyeshwa mamilioni na mamilioni ya foto, pamoja na maneno yanayozieleza. Foto zile zinaharibiwa kidogo kidogo, kama kitu kinachomwagiwa mavumbi, mpaka hakuna kinachoonekana. Na mashini inazoezwa kuyaondoa mavumbi hatua kwa hatua. Inapokwisha kuzoea, mutu anaipa mavumbi matupu pamoja na maneno yake, «Papa», «koti jeupe», nayo inasafisha mavumbi ambayo hayakufunika kitu. Kinachotokea si ukumbusho wa jambo lililofanyika. Ni kitu kinachofanana na vitu vingi ambavyo mashini ilionyeshwa zamani. Mutu anayejua hayo hatauliza tena kama foto inapendeza, lakini atauliza nani aliyesimama pale nayo kamera mukononi.

Mashini zinazojibu maswali kwa maandiko, kama ile ChatGPT iliyotolewa kwa watu wote tarehe 30 Novemba 2022, zinatumia namna nyingine, lakini ni jamaa moja. Zimepewa maandiko mengi kupita yale ambayo mutu angeweza kusoma katika maisha elfu, zikazoezwa kukisia kipande cha neno kinachofuata. Kisha watu wakazirekebisha kwa kuzionyesha majibu gani yanafaa na gani hayafai. Kwa hiyo mashini ileile inasema kweli na uwongo kwa sauti moja, bila kusitasita na bila haya.

Juu yake tumesikia hukumu mbili. Ya kwanza inasema: inafikiri kama mutu, na kesho itashika kazi ya mwalimu na ya padri. Ya pili inasema: ni kasuku tu. Hukumu hii ya pili inawapendeza sana waseminari wetu waliokwisha kusoma filozofia, kwa sababu inaonekana kama jibu la mutu mwenye hekima. Sisi haitupendezi zaidi kuliko ile ya kwanza. Kasuku hawezi kugeuza barua ya Kifaransa kuwa ya Kiswahili, wala kuonyesha kosa lililo ndani ya hesabu. Mashini hizi zinaweza, si kila mara, lakini mara nyingi. Anayeiita kasuku hajaitumia, ao ameitumia naye anaogopa kukubali alichokiona.

Wengine wanataka kumaliza mabishano kwa kutaja «Antiqua et nova», andiko lililotolewa na makao mawili ya Vatikano tarehe 28 Januari 2025. Tunaona kwamba wengi wanaolitaja wamesoma jina lake tu. Andiko lile lina sehemu 117. Halikulaani mashini, wala halikuibariki bila masharti. Linafundisha kwamba tusiione kama akili ya mutu iliyotengenezwa kwa mikono, lakini kama tunda la akili ya mutu. Nayo hayo ni mambo mawili tofauti. Kwetu kurasa zilizo nzuri kuliko zote ni zile zinazoeleza kwamba akili yetu haikai peke yake kichwani kama taa ndani ya chupa: imeunganika na mwili unaochoka, unaosikia njaa, unaoshika mukono wa mugonjwa. Papa Leo XIV naye, tarehe 10 Mei 2025, siku mbili kisha kuchaguliwa kwake, aliwaeleza makardinali kwamba alitwaa jina lake akimukumbuka Leo XIII na andiko lake la mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, kwa sababu leo mashini hizi zinaleta maswali mapya juu ya kazi na heshima ya mutu. Alisema juu ya kazi. Watu wa habari nyepesi walisikia «Papa na mashini» tu, wakaanza kuuliza kama anazipenda ao anazichukia.

Tuongeze neno moja dogo linalotugusa sisi wenyewe. Mashini hizi zimekula Kiingereza kuliko lugha nyingine zote. Kiswahili cha Bukavu, cha Kisangani na cha Lubumbashi kinasemwa na mamilioni ya watu, lakini kinaandikwa kidogo. Basi mwanafunzi anayeiomba mashini imutungie mahubiri ya Jumapili atapata Kiswahili cha Dar es Salaam, ao Kifaransa kilichovaa nguo za Kiswahili, na akina mama wa parokia watamusikiliza kama watu wanaosomewa barua ya serikali. Hatumukatazi kuitumia. Tunamuambia tu kwamba waamini watajua.

Lakini tusicheke wengine kwa muda murefu. Kuna maneno mepesi ya namna nyingine ambayo yanatujia sisi, watu wa dini, kuliko wapagani: kukimbilia habari ya elimu ingali mbichi na kuifanya shahidi wa imani yetu. Juu ya jambo hilo tunaye mwalimu, naye ni padri.

Georges Lemaître alizaliwa katika muji wa Charleroi huko Ubelgiji, mwaka 1894. Alipigana katika vita ya 1914, akapewa upadri mwaka 1923, akawa mwalimu katika universite ya Louvain. Mwaka 1927 alichapa kwa Kifaransa, katika gazeti la wenye elimu la Bruseli ambalo watu wachache walilisoma, hesabu zilizoonyesha kwamba ulimwengu unatanuka: makundi makubwa ya nyota yanatengana, na yaliyo mbali zaidi yanakwenda mbio zaidi. Mwaka 1931 akasonga mbele: kama vitu vyote vinatengana leo, zamani vilikuwa pamoja. Akaueleza mwanzo ule kama atomu moja ya kwanza iliyopasuka. Wenye elimu wengine walimushuku. Walizani kwamba padri huyu anataka kuingiza Maandiko Matakatifu ndani ya fizika kwa siri. Mwingereza Fred Hoyle, asiyekubali fikira hiyo, ndiye aliyeipa jina la Big Bang alipokuwa akisema katika redio ya BBC mwaka 1949.

Tarehe 22 Novemba 1951 Papa Pio XII, akisema mbele ya Akademia ya Kipapa ya elimu, alionyesha furaha yake kwamba elimu ya kisasa inaelekea kushuhudia saa ile ya kwanza ambapo Mungu aliumba nuru. Magazeti ya wakatoliki yalifurahi. Mutu angezani kwamba Lemaître alifurahi kupita wote: si kazi yake hiyo iliyosifiwa na Papa mwenyewe? Lakini hakufurahi hata kidogo.

Kwa nini? Hakuwa mutu wa imani haba. Alibaki padri mwaminifu mpaka kufa kwake. Lakini alijua kazi ya mikono yake. Fikira ya fizika ni kama kibanda cha mufanyakazi: kinajengwa kwa kazi ya leo, na kesho kinaweza kubomolewa bila machozi. Anayeweka altare ndani yake atalia siku ile. Tena kuna jambo la ndani zaidi, ambalo kila mwanafunzi wa teolojia angepaswa kulijua mbele ya Lemaître. Mutakatifu Tomaso alikwisha kufundisha kwamba akili peke yake haiwezi kuhakikisha kwamba dunia ilikuwa na siku ya kwanza. Jambo hilo tunalishika kwa imani. Kuumba si kuwasha moto mara moja zamani sana na kwenda zake. Ni kuvipa vitu kuwako, leo kama siku ile. Mutu akitafuta Muumba kati ya vitu vinavyopimwa kwa vyombo, amemutafuta mahali ambapo hata kama angepata kitu, kitu kile hakingekuwa Mungu.

Katika Septemba 1952 Papa aliwapokea wenye elimu ya nyota waliokuwa wamekusanyika Roma. Aliwaambia mengi, lakini hoja ile ya mwaka uliopita hakuirudia. Wenye kuandika historia wanazani kwamba shauri la Lemaître lilifika kwake. Sisi tunalipenda sana jambo hilo, na tunasikitika kwamba katika vitabu vyetu vidogo vya kutetea dini hotuba ya 1951 inatajwa kila mara, na ukimya wa 1952 hautajwi hata mara moja. Mwaka 1958, katika mukutano wa Solvay huko Bruseli, Lemaître alisema wazi kwamba fikira yake inabaki nje ya swali la dini, na kwamba mwenye kuamini na asiyeamini wanaweza kuitumia sawasawa. Miaka miwili kisha, alifanywa mukubwa wa Akademia ileile ya Kipapa, kazi aliyoishika mpaka kufa tarehe 20 Juni 1966. Mbele ya kufa alipata habari kwamba Wamarekani wawili wamegundua mabaki ya joto la zamani zile, yaliyoenea mbinguni pande zote. Na mwaka 2018 wenye elimu ya nyota wa dunia walipiga kura kwamba sheria ya kutanuka kwa ulimwengu iitwe kwa jina lake pamoja na la Hubble.

Sasa tazama yaliyotokea tena juzi juzi. Siku ya Noeli 2021 chombo kikubwa cha kutazama nyota, kinachoitwa James Webb, kilirushwa kutoka Kourou. Foto zake za kwanza zilitolewa Julai 2022, na mwezi uliofuata maandiko yalienea yakisema kwamba Big Bang imekufa. Waliojifunza mwaka uliotangulia kwamba Big Bang ni ushahidi wa Mungu walifazaika. Waliokuwa wakiichukia kwa ajili ya kitabu cha Mwanzo waliimba. Kilichoonekana kweli ni hiki: makundi mengine ya nyota ya zamani sana yanangʼaa kupita ginsi wenye elimu walivyongojea. Swali ni namna gani nyota zilizaliwa upesi hivi. Kutanuka kwa ulimwengu hakukuguswa. Habari hiyo ni nzuri, ina mafumbo ya kutosha kwa jioni nyingi, lakini haiwezi kuandikwa kwa maneno matatu, basi haikuandikwa.

Watu watatuambia: hayo ni mabishano ya wenye kusoma, nyota hazimuui mutu. Ni kweli. Basi tuondoke mbinguni, tushuke Beni, ambako neno jepesi juu ya elimu liliua.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola iko katika Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa uliingia Ituri vilevile, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020. Walihesabiwa wagonjwa 3470. Kati yao 2287 walikufa. Katika Septemba 2018 wachunguzi waliuliza watu 961 wa Beni na wa Butembo, na mumoja kati ya wanne alijibu kwamba Ebola haipo. Ni biashara ya wakubwa, walisema. Ni hila ya kutunyima uchaguzi. Sindano ndiyo inayoua. Februari 2019 vituo vya kutunzia wagonjwa huko Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto.

Hatutawacheka watu hao. Tangu mwaka 2014 walikuwa wakichinjwa katika vijiji vya Beni, na hawakuona magari mengi namna ile yakija kuwasaidia. Kisha uchaguzi wa Desemba 2018 ulisukumwa mbele kwao mpaka Machi 2019, na ugonjwa ulitajwa kuwa sababu mojawapo. Mutu aliyetendewa hivyo ana haki ya kuuliza. Lakini kuuliza ni kungojea jibu, na neno jepesi halikungojea.

Wakati uleule, katika miji ileile, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, ilifanyika kazi ya elimu iliyo kati ya kazi bora zilizofanywa katika inchi yetu. Tangu Novemba 2018 mpaka Agosti 2019 dawa nne zililinganishwa kwa wagonjwa 681, kila mumoja akipewa moja kwa kura, ili pasiwe upendeleo. Kwa dawa mbili, ZMapp na remdesivir, karibu nusu ya wagonjwa walikufa. Kwa nyingine mbili, REGN-EB3 na mAb114, walikufa karibu 34 na 35 kwa mia. Na kwa wale waliokuwa na virusi kidogo tu katika damu, dawa hizo mbili ziliacha wafe karibu 10 kwa mia. Virusi vinakuwa kidogo mugonjwa anapokuja mapema. Anayesikia kwamba kituo ni mahali pa kuulia watu hafiki mapema. Anafichwa nyumbani, anafika siku ya tano ao ya sita, anakufa, na jirani wanasema: munaona? Neno linajitengenezea ushahidi wake lenyewe.

Tena, dawa ile mAb114 ilitoka wapi? Wengi waliiita dawa ya Wazungu. Ilitoka katika damu ya Mukongomani aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995. Mwili wake ulikuwa umejifunza kupigana na ugonjwa, na kisha miaka mingi kinga ile ilikuwa ingali katika damu yake. Wenye elimu waliitwaa, wakajifunza kuitengeneza kwa wingi. Huko Kikwit, mwaka ule wa 1995, masista sita wa Bergamo, Wapoverelle, walikufa kwa kuwatunza wagonjwa. Huko vilevile munganga wetu Jean-Jacques Muyembe na wenzake walitia damu ya watu waliopona katika miili ya wagonjwa wanane, na saba kati yao walipona. Muyembe huyu ndiye aliyekwenda mwaka 1976 katika misioni ya Yambuku, kazi ya Ebola ilipoanza kujulikana, akatwaa damu ya wagonjwa bila glovu mikononi.

Kwa hiyo tunapohukumu maneno yaliyosemwa katika makanisa wakati ule, tunaona upungufu pande mbili. Wako waliosema altareni: «Kuna mambo yaliyofichwa», wakashuka wakiwa wamepata sifa ya watu wenye macho. Hao tumekwisha kuwasema. Lakini wengine, waliokuwa na nia njema, walisema tu: «Watiini waganga.» Neno hilo nalo lilikuwa jepesi. Watu waliokwisha kuagizwa kutii kwa miaka mingi hawakuhitaji agizo moja zaidi. Hadisi ya Kikwit, yenye masista waliokufa na damu ya ndugu yetu aliyepona, ingechukua dakika kumi za mahubiri. Na ingawa ilikuwa ya kweli yote, ni mahali pachache iliposimuliwa.

Tumebakiza neno moja tunalolipenda wote, na kwa hiyo ni gumu kulihukumu: «Bila Kongo dunia itasimama.» Linasemwa kila mara telefone mpya inapotoka. Tena lina ukweli mwingi. Kobalti inayochimbwa duniani, zaidi ya 70 kwa mia inatoka kwetu, hasa upande wa Kolwezi. Inatiwa katika betri za telefone. Koltani ya Rubaya, katika Masisi, inatoa tantali, ambayo kwayo wanatengeneza vyombo vidogo vya kuweka umeme ndani ya telefone, vidogo kuliko punje ya muchele. Magazeti ya ngʼambo yanayosifu telefone mpya yanahesabu uzito wake, rangi yake, kamera zake tatu ao nne, lakini hayasemi neno juu ya muchimbaji aliye ndani ya shimo. Tunayalaumu kwa hiyo. Kuhukumu chombo bila kuuliza kimetoka katika udongo wa nani ni kuhukumu nusu.

Lakini kusema kwamba dunia itasimama, je, ni kweli? Kuna betri za litiumu zinazotengenezwa kwa chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata kidogo. Zinabeba umeme kidogo kuliko zile nyingine kwa uzito uleule, lakini ni za bei ndogo na hazishiki moto upesi. Mwaka 2024 karibu nusu ya umeme wote unaobebwa na betri za magari mapya ya umeme duniani ulikuwa katika betri za namna hiyo, na Wachina ndio waliozisukuma mbele. Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha kuuza kobalti inje kwa sababu bei ilikuwa imeshuka mno. Tangu Oktoba ya mwaka uleule ikaruhusu tena kwa kipimo. Bei ilipanda, na tulisikia watu wakishangilia: «Munaona?» Lakini bei inapopanda, fundi wa betri anapata sababu moja zaidi ya kuacha kobalti. Wenye kushangilia hawakufika pale.

Tena si mara ya kwanza. Uranium iliyotumiwa kwa bomu la Hiroshima mwaka 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Watu wachache wanajua kwamba mashini ya kwanza ya atomu katika Afrika iliwashwa Kinshasa, mwaka 1959, katika universite ya Lovanium, na kwamba mukubwa wa universite ile alikuwa padri, Luc Gillon, aliyesoma fizika. Mashini ya pili, yenye nguvu zaidi, iliwashwa mwaka 1972. Ilisimama mwaka 2004. Shimo la Shinkolobwe limefungwa, na dunia haikusimama.

Tunayo mezani kwetu maandiko manne ya waseminari juu ya magari ya umeme na utajiri wa Kongo. Yameandikwa vizuri, mawili yana hata hesabu. Hatukuyachapa bado. Tumeyarudisha kwa wenyewe, tukiandika pembeni mwa kila moja swali lilelile: betri ya namna gani?